Kutoka Matwebe hadi Nyika: Safari ya Wawili Iliyopangwa kwa Mwinuko

Barabara ya Tukuyu kwenda Kasumulu hushuka zaidi ya mita elfu moja kabla haijaufikia Mto Songwe. Juu kuna mashamba ya chai, migomba na ukungu wa asubuhi. Chini kuna mpunga, mikakao na hewa nzito ya ziwa. Abiria wanaopanda Kosta alfajiri wakiwa wamejikunyata ndani ya masweta huwa wameyavua kabla ya kufika njia panda ya Kyela.

Mteremko huo ndio uliotupangia safari mimi na mke wangu. Sisi ni wenyeji wa Matwebe, kata ya Wilaya ya Rungwe, na tulitaka likizo ya wawili nje ya nchi: gari letu, hema letu, barabara yenye mandhari na jioni ambazo hakuna wa kutuharakisha. Ukitaja nje ya nchi vijijini kwetu, mazungumzo hukimbilia Dubai au Afrika Kusini. Malawi iko pale chini tu, mwendo wa asubuhi moja, na Mtanzania haombi viza ya kuingia. Watu wa Rungwe na Kyela wanavuka Songwe kwa biashara, kwa misiba na kwa harusi. Wanaovuka kwenda kutembea tu, kuiona nchi ya jirani kwa raha zao, ni wachache mno, na hilo linanisikitisha kwa sababu upande wa pili wa mto kuna mojawapo ya barabara nzuri kuliko zote katika ukanda wetu.

Mipango ya safari za gari kwa kawaida huanza na kilomita. Katika njia hii kilomita zinapotosha, kwani kumi na tano zinaweza kula saa nzima na hamsini nyingine zikaisha kabla chupa ya chai haijafunguliwa. Mke wangu, ambaye ndiye mshika daftari, aliandika mwinuko badala ya umbali. Tukuyu, zaidi ya mita 1,500. Ufukwe wa Ziwa Nyasa, mita 474 hivi. Livingstonia, misheni ya zamani upande wa Malawi, karibu mita 900 juu ya ziwa hilo. Chelinda, katika uwanda wa juu wa Nyika, mita 2,300 hivi. Namba hizo nne zilijibu maswali karibu yote: nguo zipi, chakula gani, hema la namna gani, na breki zikaguliwe na fundi yupi.

Swali gumu lilikuwa mwezi. Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi Tanzania, na masika yetu hayana haraka ya kuisha. Aprili inapofika, maji yote yanayotoka milimani hukusanyika kwenye tambarare ya Kyela na mara nyingine hufurika mashamba. Juni hadi Agosti ni kavu, lakini Nyika huwa na barafu nyembamba kwenye majani alfajiri, na ziwani hupiga mwera, upepo wa kusini-mashariki unaoweza kung'oa vigingi vya hema usiku. Oktoba ni shwari lakini joto la Karonga, ng'ambo ya Songwe, wakati huo ni kali kwa watu waliokulia kwenye ukungu. Mvua za Desemba hadi Machi huleta maua, ila huleta pia utelezi unaofunga barabara za vumbi. Tukachagua Septemba, tukijua kwamba tutayakosa maua. Mwenye kutaka maua akubali matope. Hakuna mwezi unaotoa maua na barabara kavu kwa pamoja.

Gari la kwenda nje linahitaji karatasi nyingi kuliko dereva wake. Hati za kusafiria zilikuwepo, na leseni za nchi za SADC zinatambuliwa. Kazi ilikuwa kwenye gari lenyewe: kadi halisi ya usajili, si nakala, bima ya kuvuka mipaka ambayo madereva wa malori wanaiita Kadi ya Njano, na kibali cha muda cha kuingiza gari, kinachotolewa na forodha ya Malawi. Ukiazima gari la shemeji au la ofisi, barua ya idhini ya mwenye gari iwe mkononi kabla ya kuondoka nyumbani. Pembetatu za kuakisi mwanga ziwe mbili, na kizima moto kiwe hai. Tuliweka pia vitabu vya chanjo ya homa ya manjano, maana ni vyepesi kubeba na ni usumbufu kuvikosa.

Mpakani Kasumulu vishoka hukimbilia gari lolote lenye mizigo juu. Wapo wanaojua kazi na wapo wanaouza foleni isiyokuwepo. Mtu mwenye karatasi zake kamili anaweza kupita dirisha moja baada ya jingine mwenyewe, taratibu, akiuliza maofisa wenyewe. Na saa irudishwe nyuma: Malawi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na ofisi inayoonekana kuchelewa kufunguliwa huenda iko ndani ya wakati wake kabisa.

Chakula kilituletea mjadala. Machi 2025 Malawi ilizuia kwa muda uingizaji wa bidhaa kadhaa za kilimo, zikiwemo mchele, ndizi, tangawizi na unga, kwa hoja ya kuwalinda wakulima wake. Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi na ya Afrika Kusini, kisha baada ya mazungumzo zuio hilo la Tanzania likaondolewa ndani ya siku chache. Malori yalikwama, na ndizi za Rungwe, ambazo haziwezi kungoja mwanasiasa amalize kikao, ziliwaozea wenyewe. Sisi hatukuwa wafanyabiashara, lakini tulipima: mchele wa Kyela wa kutosha kupika wenyewe, tukautangaza tulipoulizwa, na mkungu wa ndizi ukabaki nyumbani.

"Baba, tukifika huko tutakula cha huko," mke wangu akasema, na ndivyo ilivyokuwa. Usipa wakavu wa Karonga, nsima na mboga za majani zilitutosha.

Mafuta ya gari ni habari nyingine. Tangu 2022 Malawi imepitia vipindi virefu vya uhaba wa petroli na dizeli, chanzo kikuu kikiwa upungufu wa fedha za kigeni za kuagizia. Foleni za magari kwenye vituo vya Mzuzu zimekuwa za kawaida. Kwa hiyo tenki lijazwe upande wa Tanzania, na njia ipangwe kwa mafuta yaliyomo ndani ya gari, si kwa matumaini ya kituo kinachofuata. Mafuta ya akiba kwenye dumu ni jambo la kuwauliza forodha mapema, si la kuficha nyuma ya siti.

Songwe wenyewe si mto mpana. Ni mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1890 uliouchagua uwe mpaka, na mto haukuwahi kuheshimu uamuzi huo: kwenye tambarare hubadili mkondo baada ya mafuriko, shamba la mtu likaamkia nchi nyingine. Wanyakyusa wa kaskazini na Wangonde wa kusini wanaelewana kwa lugha bila mkalimani, na masimulizi ya pande zote mbili yanawatoa viongozi wao wa zamani, Lwembe wa huku na Kyungu wa kule, kwenye milima ya Ukinga. Kule Karonga, mzee aliyeketi kivulini alipoamkiwa na mke wangu kwa Kinyakyusa, kwa goti lililokunjwa kama tulivyofundishwa na mama zetu, aliitikia kwa namna ileile, kisha akauliza tunatoka kwa nani. Hakuuliza nchi.

Mji wa Karonga msafiri mwenye haraka huupita tu. Asiupite. Makumbusho yake, yaliyofunguliwa mwaka 2004, yana mfano wa kiunzi kizima cha Malawisaurus, dinosaria mla majani ambaye mifupa yake ilichimbwa wilayani humo. Ipo pia habari ya taya la kale lililopatikana Uraha mwaka 1991 na kikosi cha Friedemann Schrenk na Timothy Bromage, linalokadiriwa kuwa na umri wa miaka karibu milioni 2.4, miongoni mwa mabaki ya kale zaidi ya jenasi ya binadamu, Homo.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna jambo la karibu zaidi kuliko dinosaria. Katika miaka ya 1880 alikaa hapa Mlozi bin Kazbadema, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyejenga maboma karibu na Karonga na kujitangaza mkubwa wa Wangonde. Kuanzia 1887 alipigana na Kampuni ya Maziwa ya Afrika ya Waskoti. Frederick Lugard, aliyekuja baadaye kuwa gavana Nigeria, alijeruhiwa vibaya katika vita hivyo mwaka 1888. Desemba 1895 Harry Johnston, kamishna wa Uingereza, alikuja na jeshi na mizinga, akalivunja boma la Mlozi na kumnyonga. Kiswahili kilifika kaskazini mwa Malawi kupitia watu hao, pamoja na kumbukumbu chungu za vijiji vilivyochomwa kando ya ziwa. Nilisimama mbele ya maelezo hayo kwa muda mrefu. Lugha ninayoandikia ilipita hapa ikiwa na minyororo, na Mngonde ana haki ya kukumbuka hivyo.

Kusini mwa Karonga barabara kuu, M1, inashika ufukwe. Mkono wa kushoto kuna ziwa ambalo sisi tunaliita Nyasa na wenyeji wanaliita Malawi, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 550 na kina kinachofikia mita 700 hivi. Mkono wa kulia ukuta wa Bonde la Ufa unazidi kusogea mpaka unabaki utepe mwembamba tu wa mchanga, mihogo na nyumba. Ng'ambo, siku isiyo na vumbi, inaonekana milima ya Livingstone upande wa Tanzania. Tumezoea kuitazama milima ile ikiwa imetuinamia kule Matema. Kuiona kutoka ng'ambo, ikiwa imesimama yote kwa pamoja kutoka majini hadi mawinguni, kulitufanya tusimamishe gari.

Chitimba ndipo pa kulala. Kuna kambi za ufukweni zilizozoea wasafiri wa magari yanayotoka Nairobi hadi Cape Town, zenye vyoo, maji ya kuoga na mlinzi. Hema liwekwe nyuma ya miti au ukuta, mlango ukiupa mgongo upepo, na vigingi viwe virefu kwa sababu mchanga haushiki. Mtu wa Rungwe asisahau kwamba ameshuka kwenye nchi ya malaria kali kuliko kwao: chandarua au hema lenye wavu mzima, na mikono mirefu jua likizama. Maji ya ziwa ni safi kwa macho, lakini kichocho kipo, hasa penye magugu na maji yaliyotulia. Afadhali kuogelea penye mchanga na mawimbi, na kumeza dawa ya kichocho wiki kadhaa baada ya kurudi kwa ushauri wa daktari.

Ukikaa ufukweni miezi ya mvua utaona kitu kingine: mawingu meusi yanayosimama juu ya maji kama moshi wa tanuri. Ni kungu, wadudu wadogo wanaoibuka ziwani kwa mabilioni. Watu wa Kyela na wa Karonga huwakusanya, huwaponda na kuwakausha kuwa mikate myeusi yenye mafuta. Septemba hatukuyaona mawingu hayo. Mama mmoja sokoni alituuzia mkate mkavu wa kungu, nao tukaula kidogo kidogo na nsima siku zilizofuata.

Kutoka Chitimba hadi Livingstonia ni kilomita 15 hivi, na hapo ndipo hesabu ya mwinuko inapodai haki yake. Barabara ya zamani ya wamisheni, iliyochongwa mwanzoni mwa karne ya 20, inaupanda ukuta wa bonde kwa kona kama ishirini zenye kugeuka kabisa, nyembamba, tulipopita sisi ikiwa ya mawe. Gari lilikwenda gia ya kwanza karibu njia nzima. Anayepanda hana haki ya kukimbia na anayeshuka hana haki ya kutegemea breki peke yake. Gia ndogo ndiyo inayoshika gari. Baada ya mvua gari lisilovuta magurudumu yote manne liachwe chini, mtu apande na usafiri wa wenyeji au kwa miguu. Mke wangu alishuka kwenye kona mbili kuniongoza, na wanafunzi waliokuwa wakishuka kutoka shule walisimama pembeni kutoa maelekezo ya bure kwa Kitumbuka, ambayo yote yalikuwa sahihi.

Juu kuna baridi tamu, misonobari na majengo ya matofali mekundu. Robert Laws, daktari na mchungaji wa Kiskoti, alihamishia misheni hapa mwaka 1894 baada ya malaria kuwaua wenzake wengi kule Cape Maclear na Bandawe. Kwa maneno mengine Livingstonia yenyewe ipo kwa sababu ya mwinuko. Shule yake ilitoa watu waliotikisa ukanda mzima. Clements Kadalie alisoma hapa kabla ya kwenda Afrika Kusini na kuanzisha chama kikubwa cha wafanyakazi weusi mwaka 1919. David Kaunda, baba yake Kenneth Kaunda, alifunzwa hapa kabla ya kupeleka misheni Chinsali, Zambia. Nasi watu wa Rungwe tuna deni hapa: Wamoravian wa Kijerumani waliofika Rungwe mwaka 1891 walipoondolewa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ni Waskoti wa Livingstonia waliosimamia makanisa yao kwa miaka kadhaa.

Nyumba ya Laws, Stone House, sasa ni makumbusho na nyumba ya wageni. Karibu nayo, kwenye nyasi, kuna mawe yaliyopangwa kuandika Waefeso 2:14. Mwaka 1959, serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari Nyasaland, ndege ilipita juu kuwauliza wamisionari kama wanataka kuokolewa kutoka kwa Waafrika waliokuwa wakidai uhuru. Walijibu kwa mawe hayo. Mstari huo unasema habari ya Kristo aliye amani yetu, aliyekibomoa kiambaza cha kututenga. Mke wangu, mwimbaji wa kwaya, hakuhitaji kufungua Biblia.

Maporomoko ya Manchewe, ya mita 125 hivi, yako mwendo wa miguu kutoka hapo. Inasimuliwa kwamba pango lililo nyuma ya maji liliwaficha watu waliowakimbia wawinda watumwa. Anayeyajua maporomoko yetu ya Kaporogwe ataelewa kelele yake, ila haya yanaanguka na ziwa zima likiwa nyuma yake. Tulipiga hema kwenye kambi iliyo ukingoni mwa genge na tukakaa siku moja zaidi ya tuliyoandika daftarini. Naamini wawili wakisafiri ni bora wawe na vituo vichache na usiku mwingi katika kila kimoja. Kukunja hema kila asubuhi ni kazi, na uchovu wa kazi hiyo humalizikia kwenye maneno.

Nyika ilitaka uamuzi. Kutoka mji wa Rumphi hadi Chelinda ni karibu kilomita 100, nyingi za vumbi, na njiani hakuna kituo cha mafuta cha kutegemea. Hifadhi ya Nyika, iliyotangazwa katika miaka ya 1960, ina zaidi ya kilomita za mraba 3,000 na ndiyo kubwa kuliko zote Malawi. Kipande kidogo cha uwanda huo kimebaki Zambia. Tulipofika Rumphi tukapima tenki, tukapiga hesabu ya kwenda, kuzunguka na kurudi mpaka kituo ambacho madereva walituhakikishia kina mafuta siku hiyo. Hesabu ilikubali, tukaingia kwa lango la Thazima.

Wanaoijua Kitulo ya kwetu Tanzania wataihisi Nyika mara moja: vilima vya nyasi visivyo na mwisho, misitu midogo iliyojificha mabondeni, upepo, na anga lililo karibu. Zote mbili hujaa okidi wakati wa mvua. Tofauti ni wanyama. Kitulo, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ni bustani ya maua na ndege zaidi. Nyika ina punda milia, pofu, korongo na tohe wanaolisha hadharani, na chui wengi kwenye vichaka vya Chelinda. Punda milia mita mia tu kutoka hemani, akila majani yenye umande mweupe, ni jambo ambalo mtu wa Rungwe haoni kwao tena. Karibu na hapo kuna Kaulime, ziwa dogo ambalo wenyeji husimulia juu ya nyoka wa kale aliyewalinda wanyama wa uwanda wote. Ziwa Ngosi la kwetu Rungwe pia lina visa vyake vya namna hiyo.

Usiku ni baridi ya kweli, hata Septemba. Tulilala na soksi, blanketi mbili juu ya mifuko ya kulalia, na mkeka pamoja na godoro jembamba chini yetu, kwani baridi kubwa hutoka ardhini. Kambi ya Chelinda ina sehemu ya moto na kuni. Maji ya kupikia tuliyaingiza ndani ya hema jioni. Mke wangu aliweka pia betri za tochi na simu ndani ya mfuko wake wa kulalia, kwani baridi huzimaliza upesi.

Fedha ziligawanywa nyumbani: za mafuta peke yake, za viingilio na kambi peke yake, na za chakula. Shilingi hazina kazi baada ya Karonga, na simu ya M-Pesa hubaki saa tu mfukoni. Huko wanatumia Airtel Money na Mpamba, na hifadhini noti taslimu ni salama zaidi. Dola chache za akiba zilikaa kwenye bahasha ambayo hatukuifungua.

Mwenye siku chache aikate Nyika, abaki na Chitimba na Livingstonia, arudi njia ileile. Mwenye siku zaidi ashuke kutoka Mzuzu hadi Nkhata Bay kabla ya kugeuza. Kwa vyovyote vile, kibali cha muda cha gari lazima kirudishwe na kugongwa muhuri forodhani Songwe siku ya kutoka, hata kama foleni ni ndefu na mvua ya Kyela imeanza. Gari lililotoka bila kufungiwa kibali huonekana kwenye vitabu vya Malawi kana kwamba bado liko huko, na safari ya pili itaanzia kwenye maelezo marefu dirishani.